Njia ya Wasioomba Ruhusa

Marlbatch, Shropshire
12 Februari 2023

Mwanangu Russell,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hilo jua la Dunedin limeacha kukuchubua pua kama ulivyoandika wakati wa Krismasi. Sisi huku hatujambo. Ninaposema sisi nitaje kwa zamu, usije ukasema nimemruka mtu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaijua mvua kabla ya redio. Mbwa wetu Tip ni mzima. Jicho moja limeziba, lakini lililobaki linatosha kumtambua mtu wa posta na kumchukia. Kuku ni saba. Walikuwa nane; mbweha anakusalimu. Marjorie Beddoes wa nyumba ya juu anakusalimu na anauliza kama umeoa. Nimemwambia barua zako hazina habari za namna hiyo, zina habari za hali ya hewa. Kasisi anakusalimu. Siku hizi ana makanisa sita, kwa hiyo tunamwona kama tunavyoliona jua. Baba yako yupo pale kanisani, upande wa ukuta wa mashariki. Jiwe bado hatujamwekea, wanasema udongo utulie kwanza. Nakwenda kila Jumapili kwa Njia ya Bondeni, dakika kumi tu, nampelekea maua. Sikuulizi kwa nini hukuja kumzika mwezi wa kumi na moja. Nimesema tu kwamba yupo.

Najua simu ipo. Lakini mimi na wewe kwenye simu tunaambiana mvua imenyesha, halafu tunasikiliza saa ya ukutani. Kwenye karatasi angalau huwezi kuniambia kuna mteja anakusubiri.

Sasa nije kwenye la maana. Tumevamiwa. Ni watu wa baiskeli. Si baiskeli kama uliyokuwa nayo wewe. Hizi zina matairi manene kama soseji, na wenyewe wamevaa nguo za kubana mpaka Tip anageuza uso. Hawapendi lami. Lami wanayo kwao Birmingham, wanaiacha, wanakuja kutafuta changarawe na matope kwetu sisi ambao tumeomba lami tangu malkia akiwa msichana. Jumapili iliyopita wamepita kumi na wanne mlangoni kwangu. Mmoja akasimama, ana tope mpaka kwenye meno, akaniambia, "Mama, mnaishi kwenye njia nzuri ajabu." Nikamwambia, "Baba, mimi naishi nyumbani kwangu. Njia ndiyo inayopita."

Akanionyesha kitu kama saa kwenye usukani. Kumbe kuna mtu kaichora hii Njia ya Bondeni akaiweka kwenye mtandao, na mstari umepita sawasawa kati ya banda la kuku na dirisha la jikoni! Mtu gani huyo asiye na kazi? Wewe ulisoma, mimi niliacha shule na miaka kumi na tano nikaenda kumenya viazi jikoni kwa Kanali kule Jumbani. Mwandikie huyo mchoraji maneno makali ya watu waliosoma, aufute huo mstari.

Kibao cha njia panda kimelegea. Upepo umekigeuza kidogo.

Mama yako,
Avis Tranter

*

Dunedin
5 Machi 2023

Mama mpenzi,

Barua imefika baada ya siku kumi na sita. Mimi mzima, pua imepona, duka la baiskeli linakwenda. Huku majani yanaanza kuanguka na huko yanaota, kwa hiyo mmoja wetu kila siku amevaa vibaya. Msalimie Tip, kasisi na kuku saba. Mwambie Bi Marjorie sijaoa na asianze kutafuta.

Nitamtafuta huyo mchoraji. Usitegemee sana, maana watu wa aina hiyo huwa wabishi.

Kwani wanapita vibaya? Wanalifunga geti la pili, lile la bawaba ya kamba? Na ule mti wa miiba kwenye kona bado umeinama, mpaka mtu anapita ameshusha kichwa? Nauliza tu.

Upepo wa Marlbatch una nguvu siku hizi, kugeuza kibao cha chuma.

Wako,
Russell

*

Marlbatch
26 Machi 2023

Mwanangu Russell,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia, Tip pia, kuku bado saba, Marjorie kachukia lakini atapoa, kasisi hatujamwona. Baba yako nimempelekea yale maua ya njano ya machipuko. Umeuliza habari za mti wa miiba na za bawaba ya kamba. Habari za goti langu hukuuliza. Mti umeinama, na goti pia.

Haya, haukuwa upepo. Kibao nilikigeuza mimi, kwa ufagio na mafuta kidogo ya kupikia. Nilitaka mshale uwapeleke mlimani kwenye mawe, wapotee wafurahi. Mpango mzuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba ile njia ya mlimani inazunguka kilima na kuteremkia hapa hapa kwangu. Zamani walipita mara moja. Sasa wanapita mara mbili.

Mmoja amekuja mara tatu siku moja. Anaitwa Rupert, daktari wa meno, mtu mrefu mwenye sauti ya kutuliza. Mara ya kwanza akasema, "Habari za asubuhi, mama." Mara ya pili akasema, "Habari za mchana." Mara ya tatu akaegemea ukuta. "Mama, nisamehe. Nyumba kama hii ziko ngapi?"

"Ipo moja, mwanangu. Ingia unywe chai kabla hujaiona ya nne."

Alikula skonzi sita. Kwa daktari wa meno, anapenda jemu kupita kiasi. Na analifunga geti la bawaba ya kamba vizuri kuliko mtu yeyote tangu baba yako. Sikusudii kumsifu.

Lakini heshima ni heshima, na njia ile si kichochoro. Sisi tumeipita kwa adabu maisha yetu yote. Basi nimechukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo la baba yako, nikaandika ubao, nikaupigilia pale njia inapoanza:

HII SI NJIA YA WATU WOTE. RUDINI MLIKOTOKA. AHSANTE.

Ahsante nimeongeza kwa sababu sikulelewa porini.

Umeshampata huyo mchoraji?

Mama yako,
Avis

*

Dunedin
20 Aprili 2023

Mama mpenzi,

Nimempata. Nimezungumza naye kirefu. Anasema anasikitika sana kwa usumbufu na kwa dirisha la jikoni, lakini mstari hawezi kuufuta. Anasema zipo njia nyingi duniani, ila hiyo ndiyo anayoweza kuichora akiwa amefumba macho. Nilikwambia ni mbishi.

Goti linaendeleaje? Tafadhali ondoa ule ubao. Sina sababu, ninaomba tu uuondoe.

Russell

*

Marlbatch
30 Aprili 2023

Mwanangu Russell,

Barua yako sijaipata, naandika hivyo hivyo, salamu leo utazigawa mwenyewe. Tumefungiwa njia.

Unakumbuka nilikwambia Jumba la Kanali liliuzwa. Mwenye nalo sasa ni Bwana Hartnoll wa London, mtu wa kuuza madirisha. Jumatatu kaleta geti la chuma na kufuli kubwa kama birika, kaliweka pale njia inapoingia kwenye ardhi yake, baada ya mti wa miiba. Nikamwendea, kofia ya kanisani kichwani. Nikamwambia, "Bwana, hii ndiyo njia yangu ya kwenda kwa mume wangu."

Akasema, kwa upole kabisa, "Pole sana, mama. Lakini njia hii haimo kwenye ramani ya halmashauri. Na hata nyinyi wenyewe mnajua si ya umma. Mmeandika." Akatoa simu akanionyesha picha. Ubao wangu, Russell. Herufi zangu za kijani, na ile Ahsante.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, hayo tuliambiwa. Hakuna aliyetuambia kwamba mwenye kisima atapiga picha.

Barabara ya lami inazunguka maili tatu na haina pembeni pa kukanyaga, magari yanapita kama yamechelewa mazishi yao. Gari siendeshi, goti unalijua. Jumapili hii sikwenda. Ni ya kwanza tangu tumzike. Nilisimama getini na maua, nikaliona paa la kanisa, nikarudi. Maua yamo kwenye kikombe hapa mezani, yananitazama.

Marjorie anasema, "Avis, ulitaka watu wasipite. Haya, hawapiti." Nimemwambia aende akalale.

Mama

*

Marlbatch
28 Mei 2023

Mwanangu Russell,

Nimeipata barua yako ya Aprili. Uliniambia niondoe ubao. Ungeniambia mapema kidogo. Mimi mzima, Tip mzima, kuku sita, kasisi amekuja mara moja akatuombea sisi na kufuli. Marjorie tumepatana, maana njia imefungwa kwake pia na anahitaji mtu wa kumlalamikia.

Halmashauri imemtuma mtu wa njia, Bwana Pugh, kijana wa makamo mwenye ramani nyingi na soksi nene. Tumeketi jikoni, mimi na yeye na Marjorie. Kuhusu ubao akasema, "Usijali, mama. Ubao una maana ukiwekwa na mwenye ardhi. Wewe si mtu." Alimaanisha kisheria. Nikampa skonzi kwa shukrani, ingawa kauli haikunipendeza.

Halafu akaeleza. Watu wakiipita njia miaka ishirini mfululizo, njia inakuwa ya umma, awe nayo nani. Akafungua daftari.

"Wewe umeipita miaka mingapi?"

"Tangu niolewe. Hamsini na miwili."

Akatabasamu mpaka masikioni. "Safi kabisa! Na uliwahi kuzuiwa?"

"Mimi? Nizuiwe na nani? Kila Krismasi nilimpelekea Kanali keki ya matunda, kumshukuru kwa njia."

Kalamu ikasimama. "Kumshukuru?"

"Na mume wangu alimwomba kila mwaka mpya. Anavua kofia, anasema, 'Kanali, tuendelee kupita?' Na Kanali anasema, 'Endeleeni tu, Tranter.' Kanali alipofariki nikampelekea mwanawe keki. Hata huyu Hartnoll nilimpelekea. Akaniuliza kama ina ngano. Keki!"

Bwana Pugh akaweka kalamu mezani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akasema, polepole, kwamba ni lazima watu wawe wamepita si kwa nguvu, si kwa siri, na si kwa ruhusa. Aliyeomba akapewa, huyo ni mgeni. Alipita kwa hisani, na hisani huisha.

"Kwa hiyo miaka yangu hamsini na miwili?"

"Haihesabiki, mama. Ulikuwa na adabu mno."

Tumelelewa kuambiwa adabu si adhabu. Ningependa kumwona aliyesema.

Marjorie akajipiga kifua, "Basi niandike mimi! Sikupeleka keki hata moja." Bwana Pugh akachangamka. "Nilipeleka mayai," akasema Marjorie. Kalamu ikalala tena.

Akatuuliza, kwa sauti ya mtu anayezama, "Hivi katika bonde hili zima hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupita bila adabu?"

Mimi na Marjorie tukatazamana. Marjorie akasema, "Yupo mmoja."

Mwanangu, hatujalizungumza jambo lile miaka kumi na minne na sitalianzisha mimi. Nitasema tu aliyoyasema Marjorie, maana yeye hana breki. Alisema ulikuwa unapita pale kwa baiskeli tangu una miaka sita, kwenda shule na kurudi, na hukuwahi kuomba hata siku moja. Alisema siku ile Kanali alisimama katikati ya njia na mbwa wake wawili akakuuliza, "Wewe, unakwenda wapi?" nawe ukasema, "Nyumbani," ukampita bila kushuka. Ulikuwa na miaka ishirini na mitano na ndevu, na baba yako alitaka kukushika mkono akupeleke ukaombe radhi. Ukamwambia, "Siombi njia ya kwenda kwetu." Akakwambia mtu asiyeomba njia hana kwao. Wiki tatu baadaye ulikuwa kwenye ndege.

Bwana Pugh aliandika yote. Alipomaliza alikuwa na furaha kama bwana harusi. Akasema, "Huyu mtu asiye na adabu yuko wapi?"

Nikamwambia yuko mbali.

Mama

*

Dunedin
18 Juni 2023

Mama,

Salamu kwa wote, kuku sita, na kikombe cha maua.

Nimeisoma barua yako dukani nikamfungia mteja mlango. Kwanza la mchoraji. Ni mimi. Niliichora majira ya baridi ya kwanza huku, mwaka ule ule nilioondoka, usiku nisipopata usingizi. Nilianza mlangoni kwetu nikaenda mpaka kanisani, halafu nikaendelea mpaka stesheni ya treni ya mjini, maana mstari ulikuwa mfupi mno. Nikauweka kwenye mtandao ili mtu aupite. Mwaka wa kwanza walipita watatu. Kila mmoja aliandika maoni kidogo: geti la pili lina bawaba ya kamba, mzee mmoja mwenye kofia alinitazama vibaya, dirishani kuna harufu ya keki. Nimeyahifadhi yote. Nilikuwa nayasoma kama wengine wanavyosoma magazeti ya nyumbani.

Nisamehe kwa dirisha la jikoni.

La pili. Nimehesabu. Miaka ishirini nyuma kutoka kufuli ni 2003. Kuanzia hapo mpaka 2009 nilipita mimi kila siku. Kuanzia 2009 mpaka leo wamepita hao wenye matairi ya soseji, na hakuna aliyeomba ruhusa, kwa sababu hawakujua kuna wa kuomba. Mwambie Bwana Pugh hakuna pengo.

La tatu. Halmashauri yenu ina fomu kwenye mtandao. Naijaza, naweka saini, naituma kwa posta. Ukurasa wa pili unasema hiyo inatosha. Nitaituma wiki hii.

Russell

*

Marlbatch
9 Julai 2023

Mwanangu Russell,

Salamu zako zimefika na nimezigawa. Kuku mmoja ameangua, kwa hiyo sasa hesabu ni yako. Kasisi mzima. Marjorie, nilipomwambia mchoraji ni nani, alikaa chini akacheka mpaka Tip akabweka. "Kwa hiyo ulimwandikia mwizi ukamtuma kumkamata mwizi!" Basi acheke. Mimi sikucheka. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nimekwenda kwa baba yako! Nisimulie. Jumapili iliyopita Rupert alikuja na wenzake watatu, akaniona nimesimama kwenye lile geti la chuma na maua. Wao wanapitisha baiskeli juu ya geti kama hawalioni. Akasema, "Mama, unakwenda upande ule?" Nikasema mimi nina miaka sabini na minne. Akasema baiskeli yake moja ina umri wa miaka mitatu na inasumbua zaidi. Hata sikumaliza kufikiri. Wawili huku, wawili kule, nikavuka na mkoba wangu na kofia yangu, kama sofa. Marjorie alikuwa nyuma anapiga kelele, "Avis Tranter, magoti pamoja!" Walinisubiri mpaka nikamaliza kuzungumza na baba yako, wakanirudisha. Jumapili hii pia. Hatukuomba ruhusa ya mtu. Nilidhani moyo utanienda mbio kwa aibu. Ulienda mbio, lakini haikuwa aibu.

Sasa sikiliza jambo la fomu. Bwana Pugh anasema fomu ya kutoka ng'ambo haifai. Shahidi ni lazima afike mwenyewe, asimame mbele ya mkaguzi, aulizwe, ajibu kwa mdomo wake. Kikao ni Alhamisi tarehe ishirini na moja Septemba, katika ukumbi wa kijiji. Alinieleza haya jikoni, siku ambayo hakukuwa na mtu mwingine, lakini Marjorie anaweza kuthibitisha. Huo ukurasa wa pili uliousoma nadhani ni wa zamani. Sheria hubadilika. Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua.

Na lipo lingine, ambalo nimelirekebisha kwa Bwana Pugh kwa sababu nilikuwa nimempa maneno yasiyo sahihi. Nilimwambia baba yako alimwomba Kanali kila mwaka mpya. Ni kweli, mpaka ulipoondoka. Mwaka mpya uliofuata hakwenda. Nilimkumbusha, akasema ana kazi. Halafu nikamwona anampita Kanali pale kwenye mti wa miiba na kofia yake kichwani, hakuigusa. Kanali akaniuliza, "Avis, Tranter anaumwa kichwa?" Nikasema ni baridi. Baridi hiyo ikadumu miaka kumi na mitatu, kiangazi na masika. Baba yako alipita bila kuomba mpaka wiki aliyougua, na mimi nyuma yake napeleka keki kumfutia makosa, kumbe nalifuta lililokuwa sahihi.

Hakukuandikia. Alinunua stempu. Zimo kwenye kopo la chai, sita, zina bei ya zamani.

Bwana Pugh anasema angekuwa shahidi mzuri kabisa, isipokuwa amekufa.

Sikuombi uje. Nakuambia tu sheria inasemaje.

Mama yako

*

Dunedin
27 Julai 2023

Mama mpenzi,

Nimeipitia sheria yote tena, kurasa arobaini, na maelezo ya chini ya ukurasa. Ni kama unavyosema. Shahidi ni lazima afike mwenyewe. Imeandikwa wazi, sijui mara ya kwanza niliikosaje. Msikilize Bwana Pugh, anaijua kazi yake.

Fomu nilikuwa nimeshaituma. Ikifika, usishangae. Ni desturi tu.

Uliniambia huniulizi kwa nini sikuja kumzika. Nilifunga mzigo. Nilifika uwanja wa ndege. Halafu nikafikiri kwamba nitafika pale kanisani kwa Njia ya Bondeni, maana nyingine siijui, na sikujua kama nina ruhusa yake. Nikarudi dukani. Ndiyo sababu yenyewe. Ukiiandika inaonekana ndogo.

Nimekata tiketi. Nitashuka stesheni ya mjini tarehe kumi na sita Septemba na baiskeli yangu kwenye boksi, nitaiunganisha hapo hapo nije kwa mstari wangu. Ni maili kumi na tisa. Sitaki kupokewa kwa gari, hasa la Bi Marjorie.

Je, kile kibao bado kimegeuka?

Russell

*

Marlbatch
13 Agosti 2023

Mwanangu mpenzi Russell,

Barua yako ilifika Ijumaa na nimeisoma kwa kila mtu kwa zamu. Tip ameisikia, akaiwekea mguu. Kuku na vifaranga wameisikia, wako kumi na mmoja ukitaka kujua. Marjorie ameisikia na anasema kuna mpwa wake, mwalimu, mwenye tabia nzuri, nimekuonya mapema. Kasisi ameisikia akiwa njiani kwenda kanisa la nne. Baba yako nimemsomea yote, pamoja na pale pa uwanja wa ndege. Sikusoma kwa sauti kubwa, maana Rupert na wenzake walikuwa wananisubiri ukutani, ingawa nadhani Rupert alisikia, kwa sababu alianza ghafla kukagua mnyororo wake. Jiwe litawekwa Septemba. Nimewaambia wangoje mpaka tarehe kumi na saba. Hawakuuliza kwa nini.

Fomu yako ilifika kwa Bwana Pugh. Alikuja nayo mkononi anacheka, anasema imejazwa vizuri, inatosha kabisa, haihitaji kitu kingine. Nikamwangalia. Akanywa chai. Nikaendelea kumwangalia. Akasema, "Lakini mkaguzi bila shaka atafurahi kumwona." Ni mtu mwenye akili. Nimempa jemu chupa mbili.

Hatujui kikao kitaamua nini. Hartnoll ameleta wakili kutoka London, na wakili huyo amekuja kuikagua njia kwa viatu vya ngozi. Amepotea. Alifuata kibao.

Ndiyo, kibao. Jana nimekwenda na ufagio na mafuta kukirudisha. Kilikataa, kumbe kupotosha ni kazi ya dakika tano na kurekebisha ni ya nusu siku. Rupert akapita, akashika nguzo, mimi nikashika mshale, tukausukuma mpaka ukatazama pale unapotakiwa. Aliniuliza ni nani aliyekigeuza. Nikamwambia upepo. Ule ubao wa kijani sasa ni mlango wa banda la kuku, maandishi kwa nje, kwa ajili ya mbweha.

Huku kwetu geti la pili bado lina bawaba ile ile. Mti wa miiba sijaukata. Marjorie alitaka ukatwe usije ukakukwangua, nikamwambia mwache aushushie kichwa, amezoea. Kwenye lile geti la kufuli pitisha baiskeli juu kama wenzako, halafu tutalivuka pamoja Jumapili, wawili huku wawili kule, na wewe utashika mkoba.

Na ukifika mlangoni, usipige hodi. Wala usisimame nje kujifuta tope. Pita tu ndani, kama ulivyokuwa unapita.

Ila nijibu haraka, kwa barua ya ndege, usingoje mteja aondoke: treni inafika saa ngapi, maili kumi na tisa unazikata kwa muda gani siku hizi, na kama bado skonzi unazila zikiwa za moto. Nataka kujua saa ya kuwasha jiko.

Mama yako